Kubaki dereva wa kampuni au kununua lori: uchambuzi wa kisa cha dereva mmoja wa masafa marefu nchini Marekani

Dereva anayezungumziwa hapa ana umri wa miaka 41, anaishi Columbus katika jimbo la Ohio pamoja na mkewe na watoto wao watatu, na kwa miaka sita amekuwa akivuta trela la futi 53 kwa ajili ya kampuni moja ile ile. Rekodi yake ni safi, na wapanga safari wa kampuni humpigia simu kwanza panapokuwa na mzigo ambao hauruhusiwi kuchelewa. Kwa mwaka huendesha takriban maili 110,000, hulipwa senti 60 kwa kila maili, iwe trela lina mzigo au ni tupu, na ukijumlisha malipo madogo ya kusubirishwa kwenye maghala, mshahara wake wa mwaka hufika karibu dola 68,000. Jina lake na la kampuni yake nimeyaacha, na namba nimezizungusha kidogo ili zisomeke kwa urahisi.

Mwaka huu kampuni hiyo imemletea pendekezo: achukue lori la kampuni lenye umri wa miaka mitatu kwa mkataba wa kukodi na hatimaye kununua, alipe dola 950 kila wiki kwa miaka mitatu, kisha atoe dola 20,000 za mwisho na lori liwe lake. Rafiki yake wa siku nyingi, ambaye sasa ana lori lake, anamshauri aachane na pendekezo hilo, anunue lori lililotumika kwa mkopo, kisha aliweke chini ya kibali cha kusafirisha mizigo cha kampuni nyingine inayompa mwenye lori asilimia 75 ya bei ya kila mzigo. Shemeji yake anakwenda mbali zaidi na kumwambia aombe kibali chake mwenyewe cha kusafirisha mizigo, atafute wateja wake, asigawane na mtu. Mkewe, ambaye ndiye anayetunza daftari la matumizi ya nyumbani, ameuliza swali moja tu: mwezi ambao lori litalala gereji, kodi ya nyumba italipwa na nani?

Nimelichukua swali hilo kuwa uti wa mgongo wa uchambuzi huu, kwa sababu mazungumzo mengi ya madereva kuhusu jambo hili huanzia mahali pasipofaa. Mtu husikia kwamba mwenzake ameingiza zaidi ya dola 200,000 kwa mwaka, akatazama 68,000 zake, akajiona mjinga kwa kuendelea kuajiriwa. Namba hizo mbili hazipimi kitu kimoja. Ya kwanza ni mapato ghafi ya biashara kabla dizeli haijalipwa. Ya pili ni mshahara wa mtu ambaye hajawahi kununua hata tairi moja.

Ajira yake ina thamani gani hasa

Kabla ya kugusa hesabu ya lori, ilibidi tuujue mshahara wake wa kweli, na hapa ndipo yeye mwenyewe alipostaajabu. Mwajiri humlipia nusu ya michango ya hifadhi ya jamii na ya Medicare (bima ya afya ya wazee ya serikali), yaani asilimia 7.65 ya mshahara, ambayo kwake ni takriban dola 5,200 kwa mwaka. Mwajiri huchangia dola 9,000 kwenye bima ya afya ya familia, mbali na kile anachokatwa yeye, na huongeza asilimia 3 ya mshahara, karibu dola 2,040, kwenye akiba yake ya uzeeni. Ukijumlisha, kazi yake inamgharimu mwajiri, na inamletea yeye, kiasi cha dola 84,240 kwa mwaka. Hiyo ndiyo namba ambayo lori linapaswa kuishinda, si 68,000.

Bado sijahesabu fidia ya kuumia kazini, ambayo mwajiriwa huipata kwa mujibu wa sheria ya jimbo, wala bima ya kukosa ajira. Dereva anayeteleza kwenye ngazi ya trela akavunjika mguu hulipiwa matibabu na sehemu ya mshahara wake. Mwenye lori aliye chini ya kibali cha kampuni kwa kawaida hununua bima ya ajali kazini inayojitegemea, ambayo ina ukomo wa malipo na vipengele vingi vya kuwanyima watu malipo. Nasisitiza jambo hili kwa sababu mgongo, magoti na mabega ndiyo mtaji wa kwanza wa dereva, na mtaji huo hauonekani kwenye jedwali lolote la faida.

Hata hivyo nisiichore ajira kana kwamba ni mwamba. Kampuni ya Yellow, iliyokuwa miongoni mwa kampuni kubwa na kongwe za usafirishaji nchini Marekani, ilisimamisha kazi mwishoni mwa Julai 2023 na kuomba kufilisika mwezi uliofuata, na karibu watu 30,000 wakapoteza kazi zao. Vilevile sheria ya shirikisho ya kazi haimpi dereva wa mizigo kati ya majimbo haki ya malipo ya muda wa ziada ambayo wafanyakazi wengi wa saa wanaipata, kwa hiyo saa anazosubiri kwenye ghala bila malipo ya kutosha ni hasara yake awe ameajiriwa au amejiajiri. Tofauti ni kwamba mwajiriwa kampuni yake ikifilisika hupoteza kazi, na kwa leseni safi ya malori makubwa, ile ya daraja A, hupata nyingine baada ya muda. Mwenye lori biashara ikimshinda hupoteza kazi na kubaki na deni.

Hesabu ya lori la mkopo

Nianze na njia ya rafiki yake, kwa kuwa ndiyo iliyo wazi zaidi. Lori analolitazama lina umri wa miaka mitano na linauzwa dola 65,000. Atatoa 15,000 mfukoni na kukopa 50,000 kwa riba ya asilimia 14 kwa miezi 48, riba ambayo si ya ajabu kwa mtu anayenunua lori la kwanza bila historia ya biashara. Marejesho yatakuwa takriban dola 1,366 kwa mwezi, yaani kama 16,400 kwa mwaka.

Wengi hudhani kwamba mwenye lori ataendesha maili nyingi kuliko mwajiriwa. Saa za kazi zimewekwa na sheria, na sheria haiulizi lori ni la nani: saa 11 za kuendesha ndani ya dirisha la saa 14, baada ya mapumziko ya saa 10 mfululizo, mapumziko ya dakika 30 baada ya saa 8 za usukani, na ukomo wa saa 70 za kazi katika siku 8. Tangu Desemba 2017 kumbukumbu hizo hutunzwa na kifaa cha kielektroniki kilichounganishwa na injini. Dereva wetu tayari anazitumia saa zake vizuri, kwa hiyo nimeziacha maili zake kuwa zile zile 110,000. Kilichobadilika ni kwamba maili tupu sasa hazilipwi. Nikikadiria kuwa asilimia 15 ya safari zake ataendesha trela likiwa tupu, zinabaki maili 93,500 zenye mzigo.

Tuchukue bei ya dola 2.30 kwa kila maili yenye mzigo, ikiwa pamoja na nyongeza ya mafuta, yaani kiasi kinachoongezwa kufidia bei ya dizeli. Mapato ghafi yanakuwa dola 215,050. Kampuni yenye kibali inachukua robo yake, na mkononi mwa mwenye lori zinabaki takriban 161,290. Dizeli ndiyo hula kwanza: kwa lori linalokwenda maili 6.8 kwa galoni na bei ya dola 3.70, ni dola 59,850 kwa mwaka. Marejesho ni 16,400. Matengenezo na matairi nimeyawekea senti 18 kwa maili, yaani 19,800, na kwa lori la umri huu sioni jinsi ya kushuka chini ya hapo kwa uaminifu. Bima ya lori lenyewe, bima ya kuendesha bila mzigo na bima ya ajali kazini ni 5,100. Usajili wa sahani za namba za kati ya majimbo, kodi ya barabara ya magari mazito ambayo kwa lori la uzito huu ni dola 550 kwa mwaka, ada za barabara na maegesho, mhasibu, na kifaa cha kumbukumbu vinafika 7,450. Jumla ya matumizi ni dola 108,600, na kinachobaki ni dola 52,690.

Hiyo ndiyo namba aliyonitaka niirudie mara mbili. Kutoka kwenye dola 215,000 zinazotajwa kwenye vituo vya mafuta, mwenye lori anabaki na 52,690, ambazo bado hazijakatwa kodi yoyote na ambazo ndani yake atajilipia nusu zote mbili za hifadhi ya jamii, bima ya afya na akiba ya uzeeni. Ukilinganisha na 84,240 za ajira, amerudi nyuma kwa zaidi ya dola 31,000.

Mtu atasema kwamba kuna lori, na lori ni mali. Ni kweli, na nimelihesabu. Katika mwaka wa kwanza atapunguza deni kwa takriban dola 10,000. Sehemu nyingine ya marejesho ni riba. Lakini lori lililoongezewa maili 110,000 na mwaka mmoja wa umri nalo hupoteza thamani, na kwa soko la malori yaliyotumika kupotea kwa dola 10,000 au zaidi ni jambo la kawaida kabisa. Mali anayoijenga kwa mkono mmoja inaliwa na uchakavu kwa mkono wa pili, walau katika miaka ya mwanzo.

Ni bei gani basi ingemfanya awe sawasawa na ajira yake? Hesabu inatoa dola 2.75 kwa kila maili yenye mzigo. Ukiigawa kwa maili zote, tupu na zenye mzigo, inakuwa kama dola 2.34 kwa maili, na nilipolinganisha namba hiyo na makadirio ya ATRI, taasisi ya utafiti wa usafirishaji ya Marekani, iliyoweka gharama ya wastani ya kuendesha lori mwaka 2023 kuwa dola 2.27 kwa maili ikiwemo malipo ya dereva, niliridhika kwamba hatukuwa tumepotea njia. Bei ya 2.75 imewahi kupatikana. Katika mwaka 2021 na mwanzoni mwa 2022 mizigo ilikuwa mingi kuliko malori, na watu wengi walinunua malori kwa bei ya juu mno wakiamini hali hiyo itadumu. Bei za mizigo zikaporomoka, wakati huo huo dizeli ikavuka wastani wa dola 5.70 kwa galoni mnamo Juni 2022, na waliokuwa na marejesho makubwa ndio walioanza kurudisha funguo.

Mahali ambapo ustadi unalipa

Ningekuwa sijamtendea haki rafiki yake kama ningeishia hapo, kwa sababu rafiki huyo anaendelea vizuri na si kwa bahati. Hesabu ya mwenye lori ina vishikio kadhaa, na dereva makini anaweza kuvivuta. Kila asilimia moja ya maili tupu anayoiondoa humrudishia takriban dola 1,900 kwa mwaka. Kila senti 10 anazoongeza kwenye bei ya maili humpa kama 7,000. Akipunguza mwendo, akajaza upepo wa matairi ipasavyo na kuacha kulalia injini inayonguruma usiku kucha, akafika maili 7.5 kwa galoni badala ya 6.8, ataokoa karibu dola 5,580 za dizeli.

Tukiviunganisha, yaani bei ya 2.50, maili tupu asilimia 10, na galoni ya maili 7.5, kinachobaki kinapanda hadi kama dola 82,600. Hapo amekaribia kabisa ajira yake, na mwaka wa tano, deni likiwa limekwisha na lori bado linakwenda, anaweza kuipita. Kwa hiyo umiliki wa lori peke yake haumwongezei mtu chochote. Kinachoongeza ni uamuzi: kukataa mzigo unaompeleka kwenye eneo lisilo na mzigo wa kurudi, kujua majira ya mboga na ya sikukuu, kujua ghala linalokusubirisha saa sita, kusoma gharama zake kila wiki. Dereva wetu ni hodari barabarani, lakini kwa miaka sita maamuzi hayo yote yamekuwa yakifanywa na mpanga safari ofisini, na hajapata nafasi ya kujipima.

Kishikio kimoja kinakwenda upande mwingine. Wiki moja ya lori kulala gereji humkosesha zaidi ya dola 2,000 baada ya kutoa mafuta ambayo hayakutumika, na hapo bili ya fundi haijaandikwa. Malori ya kizazi hiki yana mifumo ya kusafisha moshi ambayo ikigoma hupunguza nguvu ya injini na kulilazimisha lori lisimame, na kuifumua injini yote kunaweza kumaliza zaidi ya dola 30,000. Sasa turudi kwenye daftari la mkewe: akiba yao yote ni dola 22,000. Wakitoa 15,000 za malipo ya awali, zinabaki 7,000. Hili kwangu ndilo jambo zito kuliko yote katika kisa hiki, zito kuliko bei ya maili na zito kuliko riba. Mpango wa rafiki unaweza kuwa mzuri kwa mtu mwenye akiba nyuma yake. Kwa mtu mwenye dola 7,000, sindano moja ya kupulizia mafuta kwenye injini na wiki mbili za gereji zinatosha kuufuta.

Mkataba wa kukodi na kununua

Pendekezo la kampuni lina mvuto kwa sababu halidai malipo ya awali wala halikagui historia ya mikopo, na ndiyo maana linamfikia mtu asiye na akiba. Lakini tulihesabu. Dola 950 kwa wiki ni 49,400 kwa mwaka na 148,200 kwa miaka mitatu. Ongeza 20,000 za mwisho, utakuwa umelipa 168,200 kwa lori ambalo leo, kwa umri na maili zake, lingeuzwa sokoni kwa karibu 75,000. Nikiweka bei ile ile ya mizigo ya dola 2.30 na mgawo ule ule wa asilimia 75, nikampunguzia matengenezo hadi senti 12 kwa maili kwa kuwa lori ni jipya zaidi, kinachobaki kwa mwaka ni takriban dola 26,300. Hata bei ikipanda hadi 2.60, anabaki na kama 47,300. Anafanya kazi ile ile, kwa kampuni ile ile, akipelekwa mahali pale pale, kwa malipo ambayo, kwa bei ya 2.30, hayafiki nusu ya mshahara wake wa sasa.

Muundo wa mkataba wenyewe unanisumbua zaidi ya namba. Kampuni inayompangia mizigo ndiyo hiyo hiyo inayomdai kodi ya lori, kwa hiyo kipato chake na deni lake vimo mikononi mwa upande mmoja. Akienda nyumbani wiki moja kumwuguza mtoto, 950 zinaendelea kuhesabika na zinakatwa kwenye malipo yanayofuata. Akiacha mwezi wa 30, haondoki na lori wala sehemu yake. Na hawezi kulipeleka lori kwa kampuni nyingine inayolipa vizuri zaidi, jambo ambalo ndilo uhuru wenyewe wa mwenye lori.

Mambo haya yameshafika mbali. Katika kesi ya New Prime dhidi ya Oliveira, iliyoamuliwa Januari 2019, Mahakama ya Juu ya Marekani ilimpa ushindi dereva aliyekuwa ameingia mpango wa namna hii: ilisema kwamba kifungu cha sheria ya usuluhishi kinachowatoa wafanyakazi wa usafirishaji kinawahusu pia wale walioandikwa kama wakandarasi huru, hivyo kampuni haikuweza kumlazimisha kwa sheria hiyo apeleke madai yake kwa msuluhishi badala ya mahakama. Na kikosi kazi cha kukodisha malori kilichoundwa kutokana na sheria ya miundombinu ya mwaka 2021 kilipotoa ripoti yake Januari 2025 kilipendekeza mipango ya aina hii ipigwe marufuku. Sisemi kwamba hakuna aliyewahi kufika mwisho na kupata lori lake. Nasema kwamba kwa dereva huyu, mwenye kazi nzuri na rekodi safi, hakuna sababu hata moja ya kununua kwa bei ya mtu asiye na njia nyingine.

Kibali chake mwenyewe

Njia ya shemeji sitaikalia sana, kwa kuwa swali la mtaji limeshaijibu. Ada ya maombi ya kibali ni dola 300 tu, na hilo huwadanganya wengi. Sheria inataka bima ya dhima, ile inayolipia madhara wanayopata wengine, isiyopungua dola 750,000 kwa mizigo ya kawaida, madalali wengi wa mizigo hudai 1,000,000, na kampuni za bima humtoza mgeni bei kali katika mwaka wa kwanza, mara nyingi zaidi ya dola 10,000. Kuna usajili wa kila mwaka, taarifa za kodi ya mafuta za kila robo mwaka, mpango wa vipimo vya dawa za kulevya, na ukaguzi wa usalama kwa msafirishaji mpya. Trela nalo ni lake kununua au kukodi. Madalali hulipa baada ya siku 30 au zaidi, na anayetaka fedha mapema huziuza ankara zake kwa kukatwa asilimia kadhaa. Dizeli, hata hivyo, hulipwa siku ile ile. Ni njia ya kufikiwa baada ya miaka miwili au mitatu ya kumiliki lori chini ya kibali cha mwingine, si hatua ya kwanza.

Kodi, mahali ambapo mwenye lori ana haki zaidi

Upande wa kodi una faida ambayo nisingependa ipotee. Mfanyakazi aliyeajiriwa hawezi, tangu mwaka 2018, kukata kwenye kodi ya shirikisho gharama zake za chakula awapo safarini. Aliyejiajiri anaweza kutumia posho maalumu ya sekta ya usafirishaji, ambayo tangu Oktoba 2024 ni dola 80 kwa siku nzima ya safari, na asilimia 80 ya kiasi hicho hukatwa kwenye mapato. Kwa siku 240 hiyo ni 15,360 zisizotozwa kodi. Uchakavu wa kichwa cha lori nao hukatwa, kwa kawaida kwa daraja la miaka mitatu, hivyo miaka ya mwanzo kodi huwa ndogo.

Upande wa pili ni kodi ya kujiajiri ya asilimia 15.3, na wajibu wa kulipa makadirio mara nne kwa mwaka, katikati ya Aprili, Juni, Septemba na Januari. Wengi waliokwama kwa mamlaka ya mapato hawakuwa wadanganyifu. Walizitumia fedha za kodi kununua matairi wakidhani watazirudisha. Dereva akifika huko, akaunti ya kodi iwe mbali na akaunti ya mafuta, na mkewe ndiye aishike.

Ushauri niliompa, na hatua aliyochukua

Nilimuuliza ni nini hasa anachokitafuta, maana hakuna anayehatarisha akiba ya familia kwa ajili ya kuongeza dola elfu mbili. Alisema amechoka kuambiwa na mtu mwingine lini atakwenda nyumbani. Ni sababu ya haki, na haina bei katika hesabu yangu. Lakini uhuru huo una masharti: mwenye lori anaruhusiwa kukaa nyumbani wiki mbili endapo tu wiki mbili hizo zimeshalipiwa. Bila akiba, marejesho ndiyo yatakayokuwa mpanga safari wake mpya, na hayo hayapokei udhuru wa msiba wala wa harusi. Kama nyumbani ndiko shida ilipo, kuna hatua ya kati ambayo hakuwa ameiwazia: kuomba safari za kurudi kila mwisho wa wiki, hata kwa senti chache pungufu, ndani ya kampuni yake au kwingine.

Maoni yangu ni kwamba asisaini mkataba wa kukodi na kununua kwa hali yoyote ile, na lori la mkopo asilinunue bado, bali alingojee kwa tarehe na kiwango kinachojulikana. Kiwango ni akiba ya dola 40,000: 15,000 za malipo ya awali, na 25,000 ambazo hazitaguswa isipokuwa kwa injini, ugonjwa au mwezi usio na mizigo. Kwa mshahara wa sasa na nidhamu ya nyumba hiyo, miezi 18 hivi inatosha. Katika muda huo aandike kila mzigo anaoupeleka, maili tupu zilizotangulia, saa alizosubirishwa na mafuta yaliyotumika, kana kwamba lori ni lake, ili mwisho wa kipindi awe na namba zake mwenyewe badala ya zangu za kukadiria.

Nilimwomba pia asome kanuni za shirikisho za ukodishaji wa malori, yaani mikataba kati ya mwenye lori na kampuni yenye kibali, zilizo katika sehemu ya 376. Zinataka mkataba uwe wa maandishi na utaje malipo na makato yote. Mwenye lori alipwe ndani ya siku 15 baada ya kuwasilisha nyaraka za mzigo. Anayelipwa kwa asilimia apewe nakala ya ankara ya mzigo ili aone bei halisi. Asilazimishwe kununua vitu kwa kampuni kama sharti la mkataba. Na fedha zake zilizoshikiliwa na kampuni kama dhamana zirudishwe ndani ya siku 45 baada ya mkataba kumalizika. Swali la nani anapokea nyongeza ya mafuta, yote au robo tatu yake, nalo liulizwe kabla ya kitu kingine chochote.

Alikataa pendekezo la kampuni kwa barua ya heshima na bado anaendesha lori lao. Sasa yuko kwenye njia inayomrudisha nyumbani kila Jumamosi, kwa senti 57 kwa maili. Ameziandikia kampuni mbili zinazopokea wenye malori, akiomba nakala tupu ya mkataba na mfano wa hati ya malipo ya wiki pamoja na makato yake. Moja imetuma vyote viwili. Nyingine imemjibu kwamba mkataba huonyeshwa siku ya kujiunga, baada ya mtu kuacha kazi yake ya awali, na jina la kampuni hiyo limekwisha kufutwa kwenye daftari la mkewe.